Kadi ya Mkopo kwa Mwalimu Mwenye Madeni Matatu ya Simu

Barua inayojibiwa wiki hii imetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa kata ya Mfaranyaki katika Manispaa ya Songea, ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Anaeleza kwamba ofisa wa benki inayopitisha mshahara wake amempa fomu ya kuomba kadi ya mkopo yenye kikomo cha shilingi 1,000,000. Kwamba mwalimu mwenzake humcheka kwa kusitasita, akijigamba kuwa yeye ana kadi tatu. Na kwamba mume wake hataki kusikia habari hiyo, kwa sababu kwake kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Swali lake ni fupi: mtu wa kipato chake awe na kadi ngapi, na azitumie namna gani ili zisimwangushe? Mwishoni mwa barua, kama jambo la pembeni, anataja kwamba anadaiwa shilingi 85,000 katika laini yake ya kwanza ya simu, shilingi 60,000 katika laini ya pili, na shilingi 150,000 na programu ya mikopo aliyoipakua mwezi Januari ili apate fedha ya mbolea ya kukuzia kwa shamba lake la mahindi la ekari 3 upande wa Peramiho. Jambo hilo la pembeni ndilo kiini cha barua yote.

Kabla ya kulifikia, inafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya. Kadi ambayo watumishi wengi wanayo, ile wanayoiingiza kwenye mashine ya ATM kila tarehe ya mshahara, ni kadi ya kuchukulia fedha iliyokwisha kuwekwa katika akaunti, na kwa hiyo mwenye kadi hiyo hadaiwi na mtu kwa kuitumia. Kadi ya mkopo ni kitu kingine kabisa: benki humruhusu mteja kulipia bidhaa kwa fedha ya benki hadi kiasi kilichokubaliwa, ambacho huitwa kikomo, kisha humletea hesabu kila mwezi ikionyesha jumla ya deni, tarehe ya mwisho ya kulipa na malipo ya chini kabisa, yaani sehemu ndogo ya deni ambayo mteja akiilipa hahesabiwi kuwa mkaidi. Mteja anayelipa deni lote kabla ya tarehe hiyo kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi yake, na hiyo ndiyo faida pekee ya maana ya kadi hiyo kwa mtu wa kawaida. Anayelipa malipo ya chini peke yake hutozwa riba juu ya salio linalobaki, mwezi baada ya mwezi.

Ukichukua maana hiyo ukaitazama simu ya mwalimu huyu, utaona kwamba tayari anazo kadi za mkopo tatu, ingawa hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa plastiki. Huduma za kukamilisha muamala pale salio linapopungua, kama Songesha ya M-Pesa, humpa mteja kikomo, humtoza ada au riba, na hujilipa zenyewe pindi fedha inapoingia kwenye simu. Mikopo ya simu yenye muda maalumu, ambayo ilianza kuzoeleka nchini tangu M-Pawa ilipoanzishwa mwaka 2014 na huduma nyingine kama Timiza na Nivushe zikafuata, inafanana nazo. Tofauti iliyopo ni kwamba mwombaji wa kadi ya benki hujaza fomu na kutia sahihi, ilhali mikopo hii humfikia mtu kwa ujumbe unaomwambia kuwa amestahili, hata kama hakuomba, naye huikubali kwa kubonyeza namba mbili tatu akiwa dirishani kwa wakala.

Kufikishiwa mkopo ambao hukuuomba si jambo geni katika historia ya fedha. Mwezi Septemba 1958 Bank of America iliwatumia kwa posta wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi za mkopo zipatazo 60,000 ambazo hakuna aliyeziomba, na Fresno, kama Songea, ulikuwa mji unaotegemea mashamba yanayouzunguka. Benki ilitarajia kwamba asilimia 4 ya akaunti zingechelewa kulipwa, lakini mpango ulipoenea California nzima, zilizochelewa zilifika asilimia 22. Kadi hiyo baadaye ilikuja kuitwa Visa, na mwaka 1970 Marekani ilipiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba. Waliochelewa kulipa hawakuwa wahuni. Wengi walipokea uwezo wa kukopa kabla hawajakaa chini na kujiuliza fedha ya kulipia itatoka wapi na lini.

Swali hilo la wapi na lini ndilo ambalo mwalimu wa Mfaranyaki hajajiuliza, na kuuliza idadi ya kadi kabla yake ni kuanzia mwisho. Kwa maelezo yake, mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000, na baada ya kodi, mchango wa pensheni, bima ya afya, ada ya chama cha walimu na rejesho la mkopo wa benki aliouchukua kujengea nyumba, fedha inayoingia katika akaunti yake ni shilingi 330,000. Utaratibu unaowahusu watumishi wa umma unazuia makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi, ili mtumishi abaki na theluthi moja ya kuishi, ambayo kwake ni shilingi 300,000. Mwajiri wake, kwa hiyo, ametimiza wajibu. Lakini kinga hiyo huishia pale orodha ya malipo ya mishahara inapoishia, kwa kuwa mikopo ya simu haipiti huko na mwajiri haioni. Jumla ya madeni yake matatu ya simu ni shilingi 295,000. Akiyalipa yote kwa mshahara mmoja, atabaki na shilingi 35,000 kwa mwezi mzima, na familia itakula kwa kukopa upya katika laini zilezile. Theluthi ambayo utaratibu ulimhifadhia imeliwa na simu, na yeye ndiye aliyeifungulia mlango.

Hapo ndipo upo ubovu wa mikopo hii kwa mtu wa mkoa wa Ruvuma, ilipo Songea, ubovu ambao hauonekani kirahisi kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza na kununua kila siku. Mkoa huu una msimu mmoja mkuu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika kuelekea mwezi Mei; mahindi hupandwa Desemba, hukuziwa Januari na Februari, huvunwa kuanzia Juni, na fedha ya maana huonekana kuanzia Julai, wakati Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unapofungua vituo vya kununulia na wafanyabiashara wa mikoa mingine wanapofika na magari yao. Mbolea iliyonunuliwa Januari, basi, inarudisha fedha yake baada ya miezi 6. Programu iliyomkopesha inataka fedha yake baada ya siku 14. Hakuna mahindi duniani yanayokomaa kwa siku 14, na kwa hiyo tangu siku ya kwanza mkopo huo haukuwa na namna ya kulipwa na shamba lililouomba. Ulikuwa utalipwa na mshahara, ambao nao ulikwisha kuwekwa rehani kwa ajili ya nyumba.

Gharama yake pia inastahili kuhesabiwa kwa kalamu, kwa sababu watoa mikopo wa aina hii hupenda kuitaja kwa maneno laini kama ada ya huduma. Mwalimu anasema aliidhinishiwa shilingi 150,000 lakini zilizoingia kwenye simu ni 112,500, tofauti ikiwa imekatwa mwanzoni. Amelipishwa, kwa hiyo, shilingi 37,500 kwa kutumia shilingi 112,500 kwa wiki mbili, sawa na theluthi moja ya fedha aliyoipata. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wasiopokea amana, ambao sheria inawaweka katika daraja la pili, wanasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, nayo imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 112,500, asilimia 3.5 ni takriban shilingi 3,940 kwa mwezi mzima. Alichotozwa kwa nusu mwezi ni zaidi ya mara tisa ya hapo. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni na ikawatahadharisha wananchi wasizitumie. Mwalimu anashauriwa kuangalia kama jina la programu yake limo katika orodha hiyo, na pia kama limo miongoni mwa wakopeshaji wenye leseni, kwa sababu kutokuwemo katika orodha ya kwanza peke yake hakumwondolei mtu shaka.

Sasa swali la idadi linaweza kujibiwa. Washauri wa fedha wa nchi ambako kadi zimeenea huijadili idadi hiyo kwa kuangalia alama za ukopaji, zawadi za manunuzi na ada za mwaka, mambo ambayo kwa mwalimu wa Songea yana uzito mdogo. Kipimo kinachomfaa ni kingine, nacho ni kwamba idadi ya madeni ya mtu isizidi idadi ya vyanzo vyake vya kuyalipia, na kila deni lifungwe kwenye chanzo kimoja kinachojulikana, likiwa na tarehe ya kulipwa inayokuja baada ya chanzo hicho kutoa fedha, si kabla. Mwalimu huyu ana vyanzo viwili, mshahara wa kila mwezi na mahindi ya kila mwaka. Chanzo cha kwanza kimekwisha kubebeshwa mkopo wa nyumba. Cha pili kinaweza kubeba deni moja la msimu. Kwa hesabu hiyo nafasi moja tu ndiyo iliyo wazi, tena ni ya Julai, ilhali yeye ana madeni manne na anafikiria la tano. Kadi ya mkopo, ambayo huleta hesabu kila mwezi, haina chanzo cha kuilipia katika maisha yake ya sasa.

Kuna sababu nyingine, ya mahali, ambayo ofisa wa benki hakuitaja. Kadi ya mkopo hupendeza pale inapopokelewa, kama vile katika hoteli kubwa, kwa mawakala wa tiketi za ndege na katika maduka ya mtandaoni. Katika Soko Kuu la Songea, kwenye maduka ya pembejeo na kwa fundi wa baiskeli, malipo ni ya fedha taslimu au ya Lipa Namba, na mwenye kadi ya mkopo anayetaka kununua mbolea atalazimika kwenda nayo ATM kutoa fedha. Hayo ndiyo matumizi mabaya kuliko yote ya kadi hiyo, kwa sababu kwa kawaida fedha taslimu hutozwa ada ya kutolea, na riba yake huanza kuhesabiwa siku ileile bila zile siku za msamaha anazopata mnunuzi wa bidhaa. Tuseme kwa mfano kwamba angetoa shilingi 600,000 kwa kadi yenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi na malipo ya chini ya asilimia 10: katika mwezi wa kwanza angelipa shilingi 60,000, ambamo 18,000 zingekwenda kwenye riba na 42,000 tu zingepunguza deni, na shilingi 60,000 hizo zingetoka katika zile 330,000 ambazo tayari hazitoshi.

Kuhusu madeni aliyo nayo, ushauri wa safu hii ni kwamba yaunganishwe na kuhamishiwa mahali penye riba nafuu na muda mrefu. Mwalimu anasema ni mwanachama wa SACCOS ya walimu, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, ambacho hukusanya akiba za wanachama na kuwakopesha wanachama haohao. Wapo watakaosema kwamba kukopa ili kulipa deni ndiyo njia ya kuzama, na kwa kawaida wanasema kweli, kwa kuwa wengi huhama kutoka deni nafuu kwenda deni ghali. Uhamaji unaopendekezwa hapa unakwenda kinyume cha hapo. Mkopo wa shilingi 295,000 wa miezi 12, kwa mfano wa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwa salio linalopungua, ungekuwa na rejesho la kwanza la shilingi 29,000 hivi, na marejesho yanayofuata yangekuwa madogo zaidi. Kati ya shilingi 330,000 anazopokea na theluthi yake ya shilingi 300,000 ipo nafasi ya shilingi 30,000. Rejesho hilo linaingia humo kwa kubanana, lakini linaingia, na mahindi yakiuzwa Julai anaweza kulimaliza deni lote mapema.

Mpango huo utafaa kwa sharti moja gumu. Akishalipa, huduma za mkopo katika laini zote mbili aziombe zifungwe, au kama mtandao haufungi, laini ya pili aiache kabisa kwa miamala ya fedha, na programu aifute baada ya kuhifadhi ushahidi wa malipo. Bila hivyo, ifikapo Machi atakuwa na deni la SACCOS na yale matatu ya zamani yakiwa yamerudi. Anayemaliza deni huku akiacha mlango wake wazi hukuta kikomo kimeongezwa, kwa kuwa mfumo humhesabu kuwa mlipaji mzuri. Ikiwa mwenye programu atawatumia watu walio katika orodha ya simu ya mwalimu ujumbe wa kumwaibisha, kama wengine walivyofanyiwa, ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na Tume yake inapokea malalamiko, na Benki Kuu nayo, ambayo ina tawi Mtwara, hupokea malalamiko ya wateja wa taasisi za fedha.

Kuchelewa kulipa kuna matokeo ambayo hayaishii kwenye simu. Benki Kuu inaendesha kanzidata ya taarifa za mikopo, na taasisi mbili zenye leseni, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania, huandaa taarifa za ukopaji za watu ambazo benki huzisoma kabla ya kuidhinisha mkopo. Deni dogo la simu lililosahauliwa katika laini iliyotupwa linaweza kumrudia mtu siku anapoomba mkopo mkubwa. Kwa mwalimu ambaye anasema bado hajapaua vyumba viwili vya nyumba yake, hilo si jambo la kupuuza.

Mume wake hakukosea kuogopa, ila hofu isiyo na hesabu haikumsaidia mke wake, maana wakati yeye akiikataa kadi ya benki waziwazi, madeni matatu yalikuwa yakikua kimyakimya ndani ya nyumba ileile. Shamba la Peramiho ni la wote wawili. Ni vyema wakae wakubaliane kwamba sehemu ya fedha ya mahindi ya Julai itanunua mbolea ya msimu unaofuata mara moja, kwa namba ya ruzuku kama wamesajiliwa katika mfumo wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/2023, kabla fedha haijatawanyika kwenye sherehe za baada ya mavuno, ambazo Songea haina upungufu nazo. Familia yenye mbolea ndani mwezi Desemba haina haja ya programu yoyote mwezi Januari.

Ikiwa baada ya mavuno hayo deni la SACCOS litakuwa limekwisha na bado mwalimu akaona kadi ya mkopo ina kazi, kwa mfano kwa safari za matibabu Dar es Salaam au kwa manunuzi ya mtandaoni, basi kadi moja inatosha, na kikomo chake kisiwe shilingi 1,000,000 alichopewa na benki bali kile atakachokiomba mwenyewe, kisichozidi fedha anayoweza kuilipa yote kwa mshahara wa mwezi mmoja bila kugusa chakula. Mteja ana haki ya kuomba kikomo cha chini, na pia ana haki ya kuelezwa kwa maandishi riba, ada ya mwaka na adhabu ya kuchelewa kabla hajatia sahihi. Kwa sasa fomu airudishe bila kuijaza.

Limebaki jambo la mwenzake mwenye kadi tatu, ambalo barua inaligusa kwa sentensi moja tu. Inaonekana kutokana na maelezo hayo kwamba kadi hizo ni za kawaida za ATM, na kwamba moja kati yake haimo mfukoni mwake bali kwa mkopeshaji wa mtaani, pamoja na namba yake ya siri, ili kila mshahara unapoingia mkopeshaji atangulie kujichukulia. Mikopo hiyo ndiyo ambayo watu huiita kausha damu, na mwenye kuitumia hana sababu ya kumcheka mtu. Aliyemkabidhi mwingine kadi na namba ya siri amevunja masharti ya akaunti yake, na hata fedha ikichukuliwa kupita makubaliano atapata shida kuithibitishia benki kwamba si yeye aliyeitoa. Mwalimu huyo, na msomaji mwingine yeyote ambaye kadi yake iko mikononi mwa mkopeshaji, anaombwa afike kwenye tawi la benki yake kabla ya mshahara ujao, aombe kadi hiyo ifungwe na apewe nyingine yenye namba mpya ya siri, kisha deni lake alizungumze na mkopeshaji kwa mkataba ulioandikwa, wenye kiasi, riba na tarehe za kulipa, mbele ya shahidi.